Namna ya Kujiandaa Kufundisha Kaskazini ya Mbali: Mwongozo kwa Mwalimu wa Dar es Salaam

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa Dar es Salaam ambao wamepata, au wanatafuta, nafasi ya kwenda kufundisha kwa mwaka mmoja katika shule za Norway ya kaskazini, kuanzia Tromsø hadi nyanda za juu za Finnmark. Mimi hufundisha hisabati na sayansi katika shule ya msingi huku Temeke, na nilikaa huko mwaka mmoja wa masomo, kuanzia Agosti hadi Juni. Kabla sijaondoka, ndugu na majirani walinishauri sana kuhusu baridi, na karibu wote waliniambia nikifika nijifungie ndani. Ushauri ule ulitoka kwenye mapenzi, lakini haukuwa sahihi. Huko mwalimu asiyetoka nje hawezi kufundisha, kwa sababu siku ya nje imo ndani ya ratiba kama ilivyo hisabati, na watoto humtazama mwalimu mgeni anavyotembea nao kwenye theluji kabla hawajamsikiliza anavyoeleza sehemu na desimali. Kwa hiyo karibu kila nitakachosema hapa kinahusu kujifunza kutoka nje, na kutoka nje kwa usalama.

Nafasi na maandalizi ya awali

Njia ninayoifahamu ni ya kubadilishana wafanyakazi baina ya taasisi. Norec, taasisi ya serikali ya Norway ambayo zamani iliitwa Fredskorpset, hufadhili ushirikiano wa namna hiyo, na mwalimu hupita katika shule au taasisi ambayo tayari imo ndani ya ushirikiano. Anza basi kwa mkuu wako wa shule na afisa elimu, omba ruhusa ya maandishi, na usiache kazi kwa ahadi ya mdomo. Uhusiano wa nchi za Nordiki na elimu yetu si wa jana: Shirika la Elimu Kibaha, lililo mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka katikati ya jiji letu, lilianzishwa kwa msaada wao mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Mzee mmoja aliyesoma Kibaha miaka ile ndiye wa kwanza kuniambia kwamba watu wa kaskazini huanza kumwamini mgeni pole pole, na wakishamwamini hawamwachi.

Jifunze Kinorwei mapema, hata kama utafundisha kwa Kiingereza. Watoto wa madarasa ya chini hawajui Kiingereza cha kutosha, na mtoto aliyeanguka kwenye barafu hulia kwa lugha ya mama yake.

Andaa pia mwili. Panda vilima vya Pugu kila Jumamosi ukiwa na begi lenye kilo saba au nane mgongoni, kwa miezi mitatu angalau. Huko utatembea na watoto wa miaka kumi ambao wamekuwa wakipanda milima tangu wakiwa wanabebwa mgongoni.

Mavazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa pamba. Mwezi Oktoba tulipanda kilima na darasa la tano, nami nilivaa fulana ya pamba, suruali ya jinzi, na juu yake koti zito ambalo nililiamini sana. Nilipokuwa nikipanda nilitokwa na jasho kama niko kwenye daladala la Mbagala saa nane mchana. Tulipofika juu na kukaa chini kula, jasho lile liligeuka maji baridi mgongoni, na ndani ya dakika chache nilikuwa natetemeka kiasi kwamba sikuweza kufunga zipu. Msichana mmoja wa darasa lile alifungua begi lake, akatoa sweta la akiba la sufu na kunipa bila kusema neno. Kila mtoto wa pale hubeba nguo ya akiba, na tangu siku ile nami hubeba.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza. Pamba hunyonya maji na kuyashika, na nguo yenye maji hunyang'anya mwili joto lake. Sufu hata ikiloa bado huhifadhi joto. Vaa nguo za ndani za sufu zinazobana mwili, juu yake sweta la sufu, na juu kabisa koti na suruali visivyopitisha upepo. Tabaka tatu nyepesi zina thamani kuliko koti moja nene, kwa sababu unapopanda mlima unavua moja na unapokaa unaivaa tena. Usingoje kusikia joto ndipo uvue, wala usingoje kusikia baridi ndipo uvae.

Masweta ya sufu halisi yanapatikana Karume, kwenye mitumba, na kwa bei ndogo, kwa sababu hapa kwetu wanunuzi wake ni wachache. Soma lebo kabla ya kulipa: tafuta alama ya sufu, na liache lile lililoandikwa pamba au akriliki hata likiwa zuri kiasi gani. Soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio na shali pia utavipata pale. Buti usinunue huku. Nunua ukishafika, tena kubwa kwa namba moja kuliko kawaida yako, ili zienee soksi mbili na bado vidole vicheze. Buti linalobana huzuia damu, na vidole visivyopata damu ndivyo vinavyoganda kwanza. Kwa mikono, chukua glavu za aina ambayo vidole vinne hukaa pamoja katika mfuko mmoja, kwa kuwa vidole hupashana joto.

Baridi yenyewe hutofautiana sana, na jambo hili huwachanganya wageni. Mji wa Tromsø uko kilomita 350 hivi kaskazini ya duara la Aktiki, lakini mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopita baharini huufanya wastani wa Januari uwe nyuzi 4 hivi tu chini ya sifuri. Ukienda bara, katika miji ya Finnmark kama Kautokeino au Karasjok, mambo ni mengine: nyuzi 30 chini ya sifuri ni kawaida, na Karasjok ndiko kulikopimwa baridi kali kuliko yote katika historia ya Norway, nyuzi 51.4 chini ya sifuri, tarehe 1 Januari 1886. Upepo nao huongeza ukali. Upepo ukifanya baridi isikike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika kama nyuzi 40, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Kuganda huanza kwa doa jeupe lisilo na hisia kwenye pua, shavu au sikio, na katika ngozi nyeusi doa hilo huonekana kama kijivu kilichopauka, kwa hiyo mweleze mwenzako wa safari ajue anachotafuta usoni pako. Ukiona doa, funika kwa kiganja chenye joto. Usilisugue, na usilisugue kwa theluji hasa.

Jambo la mjini ambalo hakuna aliyeniambia ni utelezi. Theluji ikiyeyuka kidogo na kuganda tena, barabara huwa kama kioo kilichopakwa mafuta. Nunua vyuma vidogo vya meno vinavyovalishwa chini ya kiatu, na uning'inize kiakisi mwanga kwenye koti, kwa kuwa utakwenda kazini gizani na kurudi gizani, na dereva hawezi kukuona bila hicho.

Saa isiyo na jua

Hapa ndipo mwalimu anayezungumza Kiswahili anapopata mtihani ambao wageni wa lugha nyingine hawaupati. Saa yetu imejengwa juu ya jua. Tunasema saa moja asubuhi kwa kuwa ni saa ya kwanza ya mchana, na Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua hutimiza ahadi hiyo mwaka mzima, kwa tofauti isiyofika saa moja kati ya siku iliyo ndefu kuliko zote na ile iliyo fupi. Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia tarehe 27 Novemba hivi hadi katikati ya Januari, na kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi wiki ya mwisho ya Julai halizami. Siku ya kwanza mama aliponipigia simu mwezi Desemba akaniuliza, "Huko saa hizi saa ngapi, mwanangu?", nilimjibu saa tisa mchana, kisha nikatazama dirishani na kuona nyota. Nilihisi kwamba neno mchana limeniponyoka mdomoni.

Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Giza la wiki saba halimletei kila mtu huzuni, lakini huwavurugia wengi usingizi, na mwalimu asiyelala vizuri hukosa subira darasani. Nilichofanya, na ninachokushauri, ni kuijenga siku upya kwa matendo badala ya jua. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Kaa mbele ya taa maalumu ya mwanga wa lux 10,000 kwa nusu saa unapokunywa chai ya asubuhi. Halafu, hili ndilo kubwa kuliko yote, toka nje kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana. Giza la Tromsø si la lami. Katikati ya siku jua huwa chini kidogo tu ya upeo, na mwanga wa bluu hutanda juu ya theluji na milima kwa saa kadhaa, mwanga ambao sijauona popote pengine na ambao siku hizi hunijia ndotoni. Watoto hutoka wakati huo bila kulazimishwa. Mwalimu anayebaki ofisini kusahihisha madaftari saa hizo anajinyima riziki yake ya mwanga.

Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko ngozi nyeupe ili mwili utengeneze vitamini D, kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya kuondoka na uanze kutumia vidonge mapema. Wenyeji wana dawa yao ya zamani, mafuta ya ini la samaki aitwaye torsk, ambayo hunywewa kijiko kimoja kila asubuhi katika miezi yote ambayo jina lake kwa Kinorwei lina herufi "r", yaani Septemba hadi Aprili. Ladha yake ni ngumu. Mimi nilimeza kwa kuyafuatisha na kipande cha chungwa.

Kwa walimu Waislamu, suala la nyakati za swala na mfungo lina majibu yake. Waislamu wanaoishi Tromsø wanao utaratibu wa kufuata saa za Makka pale ambapo kuchomoza na kuzama kwa jua hakupatikani, na msikitini watakueleza ratiba yao. Wasiliana nao kabla ya Ramadhani. Kwa simu za nyumbani, kumbuka kwamba Dar es Salaam iko mbele kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi chao.

Kiangazi hicho nacho kina mtihani wake. Mwezi Juni nilimaliza kusahihisha kazi usiku, nikatoka kutembea, nikawakuta watoto wa darasa langu wakicheza mpira kwenye jua la saa sita usiku. Funga pazia zito jeusi, na ulale kwa saa, kwani macho yatakudanganya.

Darasani

Watoto watakuita kwa jina lako la kwanza. Hakuna atakayesimama unapoingia, hakuna sare, na hakuna shikamoo. Mwezi wa kwanza hili liliniumiza, mpaka nilipoelewa kwamba heshima yao inakaa mahali pengine: mtoto wa huko akikuambia kwamba hajaelewa, amekuheshimu, kwa sababu amekuamini na udhaifu wake. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Norway tangu mwaka 1936. Kama umezoea kushika fimbo, hata bila kuitumia, iache nyumbani na uiache pia akilini, maana utalazimika kutafuta njia nyingine za kuliongoza darasa, na njia hizo zipo. Mimi nilizipata kwa kumtazama mwalimu mwenzangu aliyekuwa akishusha sauti pale darasa lilipopandisha ya kwake. Nimerudi nazo Temeke, katika darasa lenye watoto mara nne ya wale, na ninaendelea kuzitumia.

Shule ya lazima huko ni miaka kumi, nao huanza wakiwa na miaka sita. Kuanzia darasa la kwanza hadi la saba hakuna alama wala nafasi za kwanza na za mwisho, kwa hiyo usitangaze nani amekuwa wa ngapi. Mzazi atakachouliza ni kama mtoto ana rafiki.

Kuhusu salamu, usihuzunike ukipanda basi watu wote wakatazama madirisha. Nenda mlimani. Watu walewale wasiokusalimu kwenye basi hukusalimu njiani kule juu, kila mmoja, na wengine husimama kukuuliza umetoka wapi na theluji ikoje mbele.

Siku ya nje

Mara moja kwa wiki, au kwa wiki mbili, darasa zima hutoka. Kila mtoto hubeba mkate wake uliofungwa kwenye karatasi, chupa ya chai yenye kinywaji cha moto, kipande cha godoro jepesi cha kukalia, na kisu. Ndiyo, kisu. Watoto wa miaka minane huchonga vijiti kwa visu vyenye makali, wakiwa wamekaa, mbali na mwenzao kwa urefu wa mkono, na makali yakielekea nje ya mwili. Mwalimu mgeni hushtuka, akataka kuwanyang'anya. Usiwanyang'anye. Waombe wakuonyeshe kanuni zao, kisha uzisimamie kanuni hizo kwa ukali uleule wanaousimamia wenyewe.

Moto huwashwa karibu kila safari, na kuuwasha ni kazi ya watoto. Gome la mti wa birch hushika moto hata likiwa na unyevu. Kuni nyembamba huja kwanza, na moto hukaa juu ya magogo mabichi ili usizame kwenye theluji. Kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba kuna katazo la jumla la kuwasha moto ndani ya msitu au karibu nao, nawe kama mwalimu unatakiwa kulijua bila kukumbushwa.

Hisabati hukaa vizuri sana nje. Tulipima kina cha theluji kila wiki kwa ufito na kuchora grafu yake. Tulikadiria urefu wa miti kwa vivuli siku jua liliporudi. Tulihesabu duara za visiki. Lakini panga somo fupi. Katika baridi, dakika kumi na tano za kusimama ni nyingi, kwa hiyo kila kipimo kifuatiwe na mbio au mchezo. Hesabu watoto unapoondoka, unapofika, kabla ya kula, baada ya kula na unaporudi.

Skii, zile mbao ndefu nyembamba za kuteleza juu ya theluji, nilijifunzia kwao. Mwalimu wangu alikuwa mvulana wa darasa la tatu, naye alinifundisha jambo la kwanza ambalo ni kuanguka: angukia ubavuni, legeza mwili, kisha pindua skii zikae sambamba upande mmoja kabla ya kuinuka. Anza kwenye njia tambarare zilizochongwa, zenye taa, ambazo karibu kila mji wa huko unazo. Kukubali kufundishwa na mtoto kulinifungulia darasa lile kuliko somo lolote nililoliandaa.

Barafu, mlima na anga

Kuvua samaki kupitia tundu la barafu ziwani ni furaha ya majira ya machipuko, mwezi Machi na Aprili, jua linaporudi na barafu ikiwa bado nene. Hutobolewa tundu kwa keekee ndefu, unalala juu ya ngozi ya reindia, mnyama mwenye pembe afugwaye huko kaskazini, unaangalia chini kwenye maji yenye giza na kusubiri. Kanuni ni kwamba barafu imara na ang'avu iwe na unene wa sentimita 10 angalau ndipo utembee juu yake, na upime mwenyewe badala ya kukisia. Ogopa midomo ya mito, penye mikondo, na kandokando ya mawe. Ning'iniza shingoni misumari miwili yenye vishikio, ili ukitumbukia uweze kujikokota kurudi juu, na usiende peke yako.

Milimani hatari kubwa ni poromoko la theluji. Mteremko wenye nyuzi 30 au zaidi unaweza kuporomoka, na poromoko hufika pia kwenye tambarare iliyo chini yake, kwa hiyo kutembea bondeni si kinga. Kila siku ya msimu wa baridi serikali hutoa tahadhari kwa daraja 1 hadi 5 katika tovuti ya Varsom. Isome kabla ya kufunga buti. Mgeni asipande mteremko mkali bila mwenyeji mwenye ujuzi, na kila mmoja katika msafara awe na kifaa cha kutuma ishara, ufito wa kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo.

Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani ambazo watoto huzikariri shuleni, na ya nane inasema urudi mapema, kwani kurudi si aibu. Niliiona ikitekelezwa mwezi Februari: tulikuwa tumebakiza kama nusu saa kufika kibandani, upepo ukabadilika, na mwalimu kiongozi akageuza msafara wote bila maelezo marefu. Hakuna mtoto aliyenung'unika. Mimi ndiye niliyetamani kuendelea, na saa moja baadaye, tulipokuwa tumekaa ndani huku nje hakuonekani hata mti wa karibu, nilimshukuru. Weka akilini namba tatu za dharura: 110 zimamoto, 112 polisi, 113 gari la wagonjwa.

Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea katika ardhi isiyolimwa bila kujali mmiliki, na kupiga hema hadi siku mbili mahali pamoja, mradi awe mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya watu. Chama cha watembezi, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina vibanda zaidi ya 500 nchi nzima, ambavyo vingi havina mhudumu. Unalala, unachota kuni, unalipa kwa uaminifu, unafagia na kuondoka. Ila kuna tunda moja la rangi ya dhahabu linaloota kwenye matope, liitwalo multe, ambalo katika kaskazini mwenye ardhi anaweza kukataza lisichumwe na kubebwa. Uliza kwanza.

Kuhusu mianga ya kaskazini, msimu wake ni Septemba hadi mwisho wa Machi. Hutokea chembe zenye chaji kutoka kwenye jua zinapoelekezwa na usumaku wa dunia kuelekea karibu na ncha, zikagonga hewa ya juu. Rangi ya kijani hutoka kwa oksijeni, kilomita zaidi ya 100 juu ya vichwa vyetu. Kristian Birkeland, Mnorwei aliyeutafiti mwanga huo, alijenga kituo chake juu ya mlima Haldde karibu na Alta mwaka 1899. Zima taa ya kichwani, ipe macho yako dakika ishirini, na usipige mluzi. Wasami, wenyeji wa asili nitakaowaeleza hapa chini, huwaonya watoto wasiupigie mluzi wala kuuchokoza mwanga ule, na nilipousikia usemi huo kutoka kwa bibi mmoja nilijiona niko nyumbani papo hapo, kwa kuwa nyanya yangu kule Mafia alitukataza vilevile kupiga mluzi usiku.

Mbele ya Wasami

Ukipangiwa Finnmark utafundisha watoto wa Wasami, wenyeji wa asili wa nchi ile, na hapo ingia kwa adabu ya mgeni. Kwa muda mrefu watoto wao walipelekwa katika shule za bweni na kuzuiwa kutumia lugha yao, na tume iliyochunguza siasa hiyo ya kuwafanya wawe Wanorwei iliwasilisha ripoti yake bungeni mwezi Juni 2023. Tangu mwaka 1989 wana bunge lao, mjini Karasjok. Sisi walimu tunaojua shule za hapa jijini ambamo mtoto huadhibiwa kwa kusema Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa mara mbili jambo hilo linafanya nini moyoni mwa mtoto. Jifunze salamu yao, *bures*, uitumie.

Usimuulize mfugaji ana reindia wangapi. Ni sawa na kumuuliza mtu ana fedha kiasi gani benki. Tarehe 6 Februari ni siku yao ya taifa, kwa kumbukumbu ya mkutano wao wa kwanza wa mwaka 1917 mjini Trondheim, na shule huisherehekea kwa chakula na nyimbo. Wao huhesabu majira manane ya mwaka. Nilipowaeleza watoto kwamba sisi tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na juu ya hayo kaskazi na kusi, walielewa mara moja kwamba watu wa pwani yetu nao hutazama upepo kabla ya kutazama kalenda.

Chakula kisikutie hofu. Torsk mwenye kukaushwa huanikwa bila chumvi kwenye uchanja kuanzia Februari hadi Mei, na mtu aliyekulia kwenye ng'onda atamtambua kama binamu. Kule visiwa vya Lofoten watoto hukata ndimi za samaki hao na kuziuza, na wengi hupata fedha yao ya kwanza kwa kazi hiyo.

Darasa unaloliacha

Kabla ya kuondoka Dar es Salaam, liandalie darasa lako kazi ya kufanya pamoja nawe. Mimi niliacha kijiti kilichonyooka cha mita moja. Tarehe 21 Machi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote, madarasa yote mawili yasimike kijiti wima mahali tambarare na kupima kivuli kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, wakitafuta kile kilicho kifupi kuliko vyote. Kwa Dar es Salaam kitakaribia sentimita 12. Kwa Tromsø kitakaribia mita 2 na sentimita 70. Mwaka wangu mawingu ya masika yaliwafunika watoto wa Temeke hadi karibu saa saba kasoro, kisha yakapasuka kwa dakika chache, wakakimbia na rula, na usiku huo nikapokea picha ya mkono mdogo umeshika rula kando ya kivuli kisichofika urefu wa kalamu. Niliionyesha darasa langu la kule kaskazini, nao wakalala juu ya theluji mmoja baada ya mwingine kujipima ni watoto wangapi wangeenea ndani ya kivuli chao.